Nyutrino Imetoka Upande Gani?

Honi ikipigwa Mtaa wa Msimbazi, Kariakoo, tunajua upande kwa kuwa sauti hutangulia sikio moja. Darubini ya IceCube, iliyozikwa barafuni Ncha ya Kusini, hufanya hivyo kwa mwanga, ila ina vihisio 5,160. Nyutrino hupenya karibu kila kitu; mara chache moja hugonga kiini cha atomu, na chembe zinazoruka hutoa mwanga wa buluu.

Mwanga ukiacha mstari mrefu, upande huonekana. Ukitawanyika kama mpira, ndipo kazi ilipo. Hapo akili mnemba ilifunzwa kwa matukio yaliyoigizwa na kompyuta, ambayo upande wake unajulikana, kisha ikapewa ya kweli.

Je, kama inaona tu ilichofundishwa? Swali la haki. Ndiyo maana watafiti walivuruga kwanza pande za matukio makusudi, wakakamilisha mbinu, ndipo wakatazama data halisi. Mwaka 2023, kwa data za miaka 10, walitangaza nyutrino kutoka galaksi yetu wenyewe. Kwa nyutrino moja mashine hukosea nyuzi kadhaa. Ushahidi uko katika matukio takriban 60,000 yakipimwa pamoja, mengi yakiwa ya angahewa tu.