Wimbi Lisilosogea

Mvua kubwa ikishakatika, simama kando ya mtaro wenye maji ya kasi, utazame kwa makini. Mahali fulani utaona wimbi limesimama palepale, wala halichukuliwi na maji. Juma lililopita nilidondosha jani la mwembe kwenye maji ya namna hiyo. Jani lilipanda juu ya wimbi, likashuka, likaenda zake. Wimbi likabaki.

Inakuwaje? Chini kuna jiwe. Maji yakilipita jiwe hilo husukumwa juu, uzito wake ukayarudisha chini, yakapitiliza, yakapanda tena. Hapo huzaliwa mawimbi, na mengine hujaribu kurudi yalikotoka maji. Wimbi ambalo kasi yake ya kurudi ni sawasawa na kasi ya mkondo halisogei. Ni kama mpiga makasia anayeshindana na mto: jasho linamtoka, lakini mti ulio ukingoni ni uleule.

Hewa nayo hufanya vivyo hivyo. Upepo ukiruka mlima hupanda na kushuka mara kadhaa upande wa pili. Unapopanda hupoa, mvuke wake ukawa wingu. Unaposhuka hupata joto, wingu likayeyuka. Ndiyo maana pengine huonekana wingu laini mfano wa sahani juu ya Kilimanjaro, limetulia saa nzima, kumbe upepo mkali unalipita ndani.

Utulivu huo una hatari. Tarehe 5 Machi, 1966, ndege aina ya Boeing 707 ya shirika la BOAC la Uingereza iliondoka Tokyo kwenda Hong Kong, ikapita karibu na Mlima Fuji. Anga lilikuwa jeupe. Msukosuko wa upepo uliovuka mlima ule uliivunja ndege angani. Watu wote 124 walikufa.

Sisi tusiopanda ndege tuna funzo letu hapa chini. Barabara ikifurika, ukaona wimbi limesimama mahali pamoja, usidhani maji yametulia. Wimbi hilo linakuambia mambo mawili: maji yana kasi, na chini kuna kitu usichokiona, pengine jiwe, pengine ukingo wa barabara iliyomegeka. Usivuke, wala usimwambie dereva ajaribu. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkubwa.