Maji ya Barabara na Shamba Lako

Ndugu mkulima wa Ufipa, barabara ni kitu cha faida. Kwa njia hiyo mahindi, maharage na ulezi wako hufika sokoni Sumbawanga, na mbolea hufika kijijini. Lakini barabara hiyo hiyo hukusanya maji ya mvua, na maji hayo yasipoongozwa vizuri hula shamba. Yafaa kila mwenye shamba kando ya barabara ajue namna ya kuyaongoza.

KWA NINI MAJI YA BARABARA YANA NGUVU

Mvua ikinyesha penye majani mengi, sehemu kubwa ya maji huzama ardhini. Ikinyesha barabarani, ambako ardhi imeshindiliwa ikawa ngumu, karibu maji yote hutiririka. Kwenye lami ni zaidi.

Tufanye hesabu. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Kipande cha barabara chenye urefu wa mita 100 na upana wa mita 5 kina mita za mraba 500. Mvua ya milimita 20 humwaga hapo lita 10,000, yaani mapipa 50 ya lita 200. Mtaro ukienda mita 500 bila mahali pa kutokea, mwisho wake utakuwa na mapipa 250, na yote huingia katika shamba la mtu mmoja.

Maji machache yaendayo polepole hunywesha mimea. Maji mengi yaendayo mbio huchimba korongo. Kwa hiyo kanuni ni moja: maji yatolewe barabarani mapema, kidogo kidogo, mahali pengi, yangali hayajapata nguvu.

Ujue pia kwamba udongo ukiondoka haurudi. Upande wa mashariki, mito ya uwanda wetu hushuka hadi Ziwa Rukwa, na ziwa hilo halina mto utokao. Udongo unaofika humo hubaki humo.

USIZIBE MFEREJI

Nimeona shamba moja la mteremko kando ya barabara ya udongo. Mfereji wa kutolea maji ulielekezwa shambani humo bila mwenyewe kuulizwa. Mvua za kwanza zilifunika mistari mitatu ya mahindi kwa mchanga. Mwenye shamba akaziba mfereji kwa magogo na udongo. Alikuwa na haki ya kukasirika, lakini dawa aliyoitumia haikufaa. Maji yalirudi mtaroni, yakaongezeka, yakapita juu ya barabara na kuingia shamba la jirani upande wa chini. Barabara ikakatika. Wakati wa mavuno lori la mahindi liliishia ng'ambo ya korongo, na wakulima wote wa upande ule walivusha magunia kwa mabega. Yule aliyeziba alikuwa miongoni mwao.

Basi, maji yakikuingilia, usiyazibe. Yaonyeshe kwa wahusika, kisha mpatane yapite wapi.

MAMBO YA KUDAI KWA WENYE BARABARA

Barabara kuu na za mkoa ziko chini ya TANROADS. Barabara za wilaya na za vijijini ziko chini ya TARURA, iliyoanzishwa mwaka 2017. Barabara inapotengenezwa, serikali ya kijiji na iulize mambo haya:

1. Mifereji ya kutolea maji itakuwa wapi, na kila mmoja utamwaga maji mahali gani? Penye mteremko mkali yafaa ikaribiane zaidi.

2. Chini ya kila kalavati pamepangwa mawe ya kuvunja nguvu ya maji? Kalavati lisilo na mawe huanzisha korongo.

3. Ndani ya mtaro wa mteremko mna vizuizi vya mawe? Katikati ya kizuizi pawe chini kuliko kando, ili maji yapite juu yake bila kuchimba ukingo.

4. Mashimo ya changarawe yatafukiwa? Udongo wa juu, ulio mweusi, uwekwe kando tangu siku ya kwanza, urudishwe juu kazi ikiisha, kisha pandeni majani.

KAZI YAKO WEWE MKULIMA

1. Usilime hadi ukingo wa mtaro. Kwa Sheria ya Barabara ya mwaka 2007, hifadhi ya barabara kuu na za mkoa ni mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Majani yaliyo humo ndiyo yanayoshika udongo.

2. Usiburute jembe la ng'ombe barabarani. Mfuo wake huwa njia ya maji mvua ikinyesha. Lipakie kwenye mkokoteni.

3. Mahali mfereji unapoingia shambani, acha ukanda wa majani upana wa hatua 5 au zaidi. Panda mabingobingo au vetiva. Majani hupunguza mbio za maji na kukamata mchanga, nawe utapata malisho kwa kukata mabingobingo.

4. Chini ya ukanda huo chimba fanya juu, yaani mtaro unaokata mteremko, udongo ukitupwa upande wa juu kuwa tuta. Pima usawa kwa miti mitatu iliyofungwa kama herufi A, na uzi wenye jiwe ukining'inia kutoka kileleni. Uzi ukitulia katikati ya mti wa kulala, miguu miwili iko sawa. Usipopima, maji yatakusanyika mahali pamoja na kubomoa tuta.

5. Yakiwa maji ni mengi kuliko shamba linavyoweza kunywa, yaongoze hadi kwenye bonde lenye majani au kwenye lambo dogo. Lambo liwe mbali na barabara, nalo lizungushiwe uzio kwa ajili ya watoto.

Haya si mageni Ufipa. Wazee walilima kwa ntumba, wakafukia majani chini ya udongo yaoze, na kila tuta likazuia maji yasikimbie. Kazi tunayoieleza ni ya akili ile ile, ila maji ya barabara ni mengi zaidi.

WAKATI WA KUFANYA

Mvua zetu huanza Novemba na kuisha Aprili au Mei. Mwezi wa Septemba na Oktoba, kabla ardhi haijalowa, wenye mashamba ya juu na ya chini ya barabara watembee pamoja na mwenyekiti wa kitongoji. Wazibue makalavati, wafukue mchanga mitaroni, na wapatane juu ya kila mfereji.

Kisha, mvua kubwa ya kwanza ikinyesha, toka nje uyafuate maji kwa miguu. Yatakuonyesha mwenyewe mahali kazi ilipokosewa. Ufa wa leo ulio na upana wa kiganja huzibwa kwa mawe machache na majani. Ukiachwa misimu mitatu, hata trekta halitavuka.