Miale ya leza yaipima nadharia ya Einstein angani

SETILAITI mbili zenye umbo la mpira, ambazo hupita juu ya Afrika Mashariki, Masaki wilayani Kisarawe ikiwemo, bila kuonekana kwa macho, zimetumika kuipima nadharia ya uhusianifu ya Albert Einstein.

Setilaiti hizo ni LAGEOS, iliyorushwa na Marekani mwaka 1976, na LAGEOS 2, iliyorushwa mwaka 1992 na Marekani kwa ushirikiano na Italia. Kila moja ina kipenyo cha sentimeta 60 na vioo 426 vinavyorudisha mwanga kule ulikotoka.

Vituo vya ardhini, kikiwemo cha Hartebeesthoek nchini Afrika Kusini, huzimulika kwa leza na kupima muda ambao mwanga hutumia kwenda na kurudi. Kwa kuwa kasi ya mwanga inajulikana, umbali hupatikana kwa usahihi wa takriban sentimeta moja.

Kwa mujibu wa nadharia hiyo ya mwaka 1915, Dunia inapojizungusha huburuta kidogo nafasi na wakati kandokando yake, mfano wa mwiko unaozungushwa ndani ya uji mzito. Mwaka 1918, Josef Lense na Hans Thirring walionyesha kuwa mburuto huo hugeuza njia ya chombo kinachoizunguka Dunia. Kwa LAGEOS, njia husogea takriban mita mbili tu kwa mwaka.

Ugumu ni kuzitambua mita hizo. Dunia si duara kamili, bali imetanuka katika Ikweta, na unene huo huisogeza njia ya LAGEOS zaidi ya mara milioni 10 ya mburuto huo.

Mwaka 2004, Ignazio Ciufolini wa Italia na Erricos Pavlis, mtafiti nchini Marekani, walitumia ramani mpya ya mvutano wa Dunia iliyotokana na setilaiti za GRACE. Walitangaza kuwa vipimo vya miaka 11 vinalingana na nadharia kwa asilimia 99, huku kosa likiweza kufikia asilimia 10. Baadhi ya wataalamu walipinga, wakisema kosa hilo ni kubwa zaidi.

Ili kuumaliza ubishi, Italia iliandaa LARES, iliyorushwa mwaka 2012, na LARES 2, iliyorushwa mwaka 2022. Njia ya LARES 2 ina kimo kinachokaribiana na cha LAGEOS, lakini imeinamia upande wa pili. Hivyo unene wa Ikweta huzisogeza setilaiti hizo pande zinazopingana na kufutana katika hesabu, ilhali mburuto uliotabiriwa huzisogeza zote upande mmoja. Kinachobaki baada ya hesabu hiyo ndicho wanasayansi wanachokitafuta.