Pipa moja kwa motere zote? Namna ya kuchagua mafuta ya motere

Ndugu wanakoperative, kwa kawaida katika gazeti hii tunaandika juu ya mbegu, mbolea na kukausha kahawa. Mara hii tunafungua kapo ya gari. Sababu ni kwamba viazi visipofika ku soko, kazi yote ya msimu inabaki ku njia, na tumeona koperative zaidi ya moja ikipoteza faida ya mwaka ndani ya motere, wala si ndani ya shamba.

Tuanze na kosa letu sisi wenyewe. Miaka michache ya nyuma tulikuwa tunasindikiza koperative moja ya viazi na maharagi kule ku milima ya Lubero. Walikuwa na mashine ya kusaga, pikipiki mbili, Probox moja ya kukimbilia Butembo, na pikapu ya mazutu yenye turbo. Komite ikatuuliza wanunue mafuta gani ya motere. Tukapiga hesabu ya bei, tukawaambia: nunueni pipa moja la lita 200, SAE 40, mutie ku motere zote. Mafuta ya pipa yalikuwa bei chini kuliko ya bido. Shofere, mzee mmoja mwenye maneno machache, akatikisa kichwa: "Agronomu, ile gari haiko sawa na mashine ya kusaga." Tukamujibu kwamba mafuta ni mafuta.

Mwaka haukuisha. Probox ikaanza kulia kila asubuhi, kelele ya mnyororo ndani ya motere, kisha taa ya motere ikawaka ku tablo. Pikapu yenyewe ilikufa turbo katikati ya mavuno, na mzigo wa viazi juu yake, katika mupando, siku ya mvua. Viazi vilikaa siku nne chini ya basha. Sehemu moja ilioza, ingine iliuzwa kwa bei ya kuomba. Siku ya mkutano Mama Prezidenti hakugomba. Aliuliza tu: "Katika kile kitabu cha gari waliandika nini?" Hakuna mtu alikuwa amekifungua, na sisi ndio tulikuwa wa kwanza kuangalia chini.

Basi tukafungua kitabu, tukajifunza. Haya ndiyo tuliyopata.

Mafuta ya motere yanafanya kazi mingi. Yanazuia chuma kusugua chuma, yanabeba joto, yanaosha masizi na kuyashikilia mpaka siku ya vidanji, yanazuia kutu. Lakini kazi hizi zote zinategemea jambo moja: mafuta yatiririke vizuri wakati wa baridi na wakati wa moto. Nyinyi munajua mawese. Asubuhi kule Lubero, mahali pa zaidi ya mita 2.000, mawese yanaganda ndani ya chupa, munapaswa kuyaweka karibu na moto. Kule Beni mawese yale yale yanamwangika bila shida. Na yakiingia ku kikaango yanakuwa mepesi sawa maji. Mafuta ya motere nayo yako na tabia hiyo: baridi inayafanya mazito, moto unayafanya mepesi. Yakiwa mazito sana, yanakawia kufika juu ya motere. Yakiwa mepesi sana, yanakimbia kutoka katikati ya vyuma na vyuma vinagusana.

Njo maana ku bido kunaandikwa namba mbili, kwa mfano 15W-40 ao 5W-30. Herufi W inatoka ku neno la Kiingereza la majira ya baridi. Namba ya mbele ya W inasema mafuta yanafanya nini wakati wa baridi: ikiwa ndogo, mafuta yanabaki mepesi hata katika baridi kali. Namba ya nyuma inasema uzito wake yakiwa ya moto, yaani kwa digrii 100: ikiwa kubwa, mafuta yanabaki mazito zaidi wakati motere imechemka. Mafuta ya namba moja tu, kama SAE 40, yanafuata tabia ya mawese bila msaada. Yale ya namba mbili yametengenezwa na dawa ndani yake, na joto linapopanda, hiyo dawa inayazuia yasilainike kupita kiasi.

Hapa watu wengi wanatuambia: "Huku kwetu hakuna teluji, namba ya kwanza inatuhusu nini?" Ni ulizo nzuri. Kweli, vipimo vya baridi wanavifanya chini ya sifuri: kwa 15W wanapima nguvu ya kuzungusha motere kwa digrii 20 chini ya sifuri, kwa 5W digrii 30 chini ya sifuri. Hatuna hiyo baridi, na 15W haitazuia motere kuwaka Lubero wala Uvira. Lakini hata kwa digrii 10 za asubuhi, mafuta mepesi yanafika haraka ku supapu na ku turbo, na mafuta mazito yanachelewa. Zile sekonde za kwanza mbele ya mafuta kufika njo wakati motere inakulika. SAE 40 ya pipa letu ilikuwa inachelewa kila asubuhi ya kila siku.

Kwa motere ya zamani ucheleweshaji huo unavumilika, kwa sababu nafasi kati ya vyuma ni kubwa. Motere ya kisasa iko vingine kabisa. Chukua Probox na ndugu zake, zile gari za okazio kutoka Japani zenye usukani kuume. Ndani ya motere yake mafuta hayalainishi tu, yanafanya kazi sawa mkono: presha ya mafuta inazungusha kifaa kinachobadilisha saa ya kufungua supapu, na katika motere nyingi za kisasa presha ile ile inakaza mnyororo. Vijia vyake ni vyembamba. Ukitia mafuta mazito kuliko aliyoomba mtengenezaji, mkono unakuwa mzito, mnyororo unalia asubuhi, na kompyuta ya gari inaona saa ya supapu haifuatane, inawasha taa. Probox yetu haikuwa mgonjwa, ilikuwa imelishwa chakula cha mashine ya kusaga.

Turbo nayo. Muhimili wake unaweza kuzunguka zaidi ya mara 100.000 kwa dakika moja, juu ya tabaka nyembamba ya mafuta. Moshi wa moto unapita pembeni yake. Mafuta ya daraja ya zamani yanaungua pale na kuwa makaa. Mekanisiye aliyefungua pikapu yetu alituonyesha kijia cha mafuta: kilikuwa kimejaa makaa meusi magumu, hata sindano haipite. Mashofere, mukitoka ku mupando na mzigo, musizime motere palepale. Muiache izunguke pole pole dakika moja ao mbili, turbo ipoe na mafuta yake yakiwa yangali yanapita.

Namba peke yake haitoshe. Ku bido mutafute tena herufi za API. Zikianza na S, ni mafuta ya motere ya esansi; zikianza na C, ni ya motere ya mazutu. Herufi ya pili inaonyesha kizazi, na kwa esansi kadiri inavyoendelea mbele katika alfabeti ndivyo mafuta yalivyo mapya: SL ilikuja 2001, SN 2010, SP 2020. Kwa mazutu, CF ni ya kizazi cha zamani, CI-4 ilikuja 2002, CK-4 mwaka 2016. Bido nyingi zinabeba zote mbili, kwa mfano CI-4/SL. Hizo zinaingia pande zote, kama namba nayo inapatana. Pipa letu lilikuwa na CF peke yake. Kwa turbo ilikuwa kidogo sana, na kwa Probox ya esansi halikuwa hata upande wake.

Gari zingine mpya za mazutu ziko na filtri ya masizi ndani ya bomba la moshi. Hizo zinaomba mafuta ya majivu kidogo, yenye alama ya ACEA C2 ao C3, kufuatana na kitabu. Ukitia ingine, majivu yanaziba ile filtri, na bei yake inaweza kuuza ng'ombe.

Sasa, kitabu. Wengi watasema gari yao ya okazio ilikuja na kitabu cha Kijapani, ao ilikuja bila kitabu. Musiogope. Hata katika kitabu cha Kijapani, namba 0W-20 ao 5W-30 zinaandikwa sawasawa na huku kwetu. Na mara nyingi namba hiyo iko ku kifuniko chenyewe cha kutilia mafuta, juu ya motere. Fungua kapo, pangusa vumbi, soma. Mutakuta pengine kitabu kinataja namba zaidi ya moja pamoja na mchoro wa joto. Hapo muko huru kuchagua ndani ya mchoro. Kwa gari iliyochoka, inayokula mafuta kidogo, katika joto la uwanda wa Ruzizi na mzigo juu, sisi tungechukua namba nzito zaidi kati ya zile zilizoruhusiwa. Tusingetoka nje ya mchoro, hata mekanisiye akisema "huku kwetu ni joto, tia 20W-50 ku gari zote." Tumesikia neno hilo ku garaji nyingi. Lilikuwa na ukweli wakati gari zote zilikuwa za zamani.

Kwa pikipiki kuna mtego mwingine. Mafuta yake ya motere yanalowesha pia ambreyaji. Mafuta mengine ya gari yanawekwa dawa ya kutelezesha ili yapunguze esansi. Dawa hiyo ikifika ku ambreyaji ya pikipiki, inateleza: motere inapiga kelele na pikipiki haipande mulima. Mutafute bido iliyoandikwa JASO MA, na namba ya kitabu, ambayo kwa pikipiki za kazi ni mara nyingi 20W-50.

Na mashine ya kusaga? Ile motere ya zamani ya silinda moja, isiyo na turbo, njo mahali pa SAE 40 yetu. Pipa halikutupwa. Lilimalizika pale ku mashine, na mashine ingali inasaga.

Juu ya siku za vidanji: vitabu vingi vinataja kilometa 10.000 ao zaidi, lakini vinaongeza mstari mdogo kwamba ku vumbi, mzigo na njia mbaya mupunguze. Njia zetu ni huo mstari mdogo. Sisi tunashauri 5.000, na filtri ya mafuta ibadilishwe pamoja, kila mara. Pikapu kama ile yetu inakunywa karibu lita 7, kwa hiyo hesabu hiyo iingie katika bajeti ya mavuno mapema, isikuje kama ajali. Mupime na kijiti kila asubuhi, gari ikiwa mahali sawa, motere imezimwa. Mafuta ya mazutu kuwa meusi nyuma ya siku chache si ugonjwa, ni alama kwamba yanaosha. Yakiwa na rangi ya kahawa na maziwa, maji yameingia. Na kipimo kikipanda badala ya kushuka, na mafuta yananuka mazutu, musisafiri: mazutu inaingia ndani ya mafuta na kuyafanya maji.

Mafuta yakipungua katikati ya njia na namba yenu haipatikane, mutie ile inayokaribia mupate kufika. Motere yenye mafuta ya namba ingine ina heri kuliko motere kavu. Mukifika, muyabadilishe.

Kuna pia mafuta ya uongo: bido ya jina kubwa, ndani mafuta yaliyotumika na kuchujwa. Muangalie kizibo kama pete yake haijakatwa, na karatasi ya fedha chini yake. Tusinunue mafuta yanayouzwa ndani ya chupa za soda. Na bido zenu zikiisha, muzitoboe mbele ya kuzitupa, kwa maana wale wadanganyifu wanazinunua. Musizitumie kwa mawese wala maziwa, hata zikioshwa na sabuni. Mafuta ya zamani yasimwangwe shambani wala karibu na chemchemi. Mkulima anayelinda udongo mwaka mzima asiuharibu siku ya vidanji.

Ile koperative ya Lubero leo iko na ubao ndani ya depo yao. Wameandika kwa chokaa jina la kila motere, namba ya mafuta, herufi zake, lita ngapi, na kilometa ao saa za vidanji ijayo. Shofere mzee njo anashika chokaa. Tukimtembelea, anatuonyesha ule ubao mbele ya kutuonyesha viazi.