Ganda, Shaba na Moshi: Viwango vya Kebo za Mawasiliano Johannesburg

Kebo ya mawasiliano hupitisha umeme mdogo sana kuliko waya wa taa, na ndiyo maana wengi huiona haina madhara. Hatari yake kubwa imo katika plastiki inayoivika. Ganda la kebo nyingi ni PVC. Plastiki hiyo ikiungua hutoa moshi mzito mweusi pamoja na gesi ya kloridi ya hidrojeni, ambayo ikikutana na unyevu, uwe wa machoni au wa mapafuni, hugeuka asidi. Mtu hupotea njia kwenye ngazi kabla moto haujamfikia, na mitambo ambayo haikuguswa na ndimi za moto huliwa na asidi baadaye.

Somo hilo lilipatikana kwa gharama kubwa. Tarehe 27 Februari 1975, moto ulizuka usiku katika chumba cha kebo, chini kabisa ya jengo la simu huko Second Avenue, New York. Uliwaka kwa saa nyingi, ukakatisha simu zipatazo 170,000. Mwaka 1984 moto kama huo ulitokea katika handaki la kebo huko Setagaya, Tokyo, na zaidi ya laini 80,000 zikanyamaza.

Johannesburg ina sababu zake za kulijali jambo hili. Ni mji wa maghorofa: Carlton Centre lina ghorofa 50, Ponte City 54, na yote mawili yalikamilika miaka ya 1970, kompyuta ya mezani ikiwa haijaingia ofisini. Majengo ya rika hilo yalivutiwa nyaya mara nyingi baadaye. Kila mpangaji mpya huvuta kebo zake, na za mpangaji aliyehama huachwa zilipo, hivyo mashimo ya wima yanayopanda kutoka orofa hadi orofa hujaa plastiki isiyo na kazi. Shimo la wima lisilozibwa ni bomba la moshi. Tarehe 5 Septemba 2018 jengo la Bank of Lisbon, lililokuwa na ofisi za serikali ya jimbo la Gauteng, liliwaka moto na wazima moto watatu wakafariki. Kebo za data hazikutajwa kuwa chanzo. Lililozungumzwa zaidi ni jinsi jengo hilo lilivyokuwa mbali na kutimiza masharti ya usalama. Lilibomolewa kwa baruti Novemba 2019.

Kebo hupimwa moto kwa namna kadhaa, na vipimo hivyo havilingani kwa ukali. Kiwango cha IEC 60332-1, cha tume ya kimataifa ya umeme, huchukua kipande kimoja cha sentimita 60, kikasimamishwa wima na kuwashiwa mwali. Mtihani huu ni mwepesi, kwani kebo iliyo peke yake mara nyingi huzimika yenyewe. IEC 60332-3 hufunga kebo nyingi za mita 3.5 kwenye ngazi ya chuma na kuangalia moto utapanda hadi wapi, hali inayokaribia ile ya ndani ya jengo. IEC 60754 hupima asidi inayotoka. IEC 61034 huchoma kebo ndani ya chumba cha mita 3 kwa kila upande na kupima kiasi cha mwanga kinachopenya moshi. Kebo zinazofaulu mitihani hii miwili ya mwisho huuzwa kwa herufi LSZH, yaani moshi mdogo na halojeni sifuri. Viwanda vya Afrika Kusini vimezoea kuonyesha tabia hiyo kwa rangi kwenye kebo za umeme: mstari mwekundu ni kebo inayozuia moto kuenea, wa buluu ni inayozuia moto na yenye halojeni kidogo, mweupe ni isiyo na halojeni.

Je, sheria inalazimisha? Hapa ndipo wanunuzi wengi hukosea. Shirika la viwango, SABS, lililoanzishwa mwaka 1945, huandika na kutangaza viwango vya taifa vinavyoanza na herufi SANS, vingi vikichukuliwa kutoka IEC bila kubadili namba. Lakini kiwango ni hiari mpaka kanuni ikitaje. Mwaka 2008 kazi ya kusimamia masharti ya lazima ilitolewa SABS na kupewa chombo kingine, NRCS. SANS 10142-1, kiwango cha nyaya za majengo, kimetajwa na kanuni za ufungaji umeme za mwaka 2009, na bila cheti chake nyumba haiuziki. Kiwango hicho, hata hivyo, kimeandikwa kwa ajili ya umeme. SANS 10400 sehemu ya T hushughulikia kinga ya moto katika majengo, pamoja na namna mabomba na nyaya zinavyopita kwenye kuta za kuzuia moto. ICASA, mdhibiti wa mawasiliano, huidhinisha vifaa vinavyounganishwa na mitandao. Kati ya vyombo hivyo vyote, ubora wa kebo ya kompyuta ofisini huamuliwa zaidi na mkataba. Asiyeandika LSZH kwenye zabuni ataletewa PVC, na fundi hatakuwa amevunja ahadi yoyote.

Ubora wa ndani nao una hila zake. Viwango vya kebo za jozi, kama IEC 61156, vinataka shaba tupu. Sokoni kuna kebo ya alumini iliyopakwa shaba juu, ambayo kwenye ganda lake huandikwa daraja la Cat 6 bila haya. Alumini hupitisha umeme kwa takriban asilimia 61 ya uwezo wa shaba, hivyo ukinzani huzidi kikomo cha takriban ohmu 9.5 kwa mita 100. Zamani hasara ilikuwa intaneti ya kusuasua. Siku hizi kebo hiyohiyo hulisha umeme kamera na simu za mezani: kiwango cha ulishaji huo cha mwaka 2003 kiliruhusu wati 15.4, cha mwaka 2018 kinafika 90. Furushi la kebo hafifu zilizobanana juu ya dari hupata joto. Kuitambua si kazi ngumu. Boksi lake ni jepesi isivyo kawaida, na uzi ukikwaruzwa kwa kisu huonyesha weupe. Urefu nao una mpaka: mita 90 ukutani, na 10 za nyaya za kuunganishia.

Mvua za kiangazi za nyanda za juu huja na radi nyingi, na shaba iliyovutwa kati ya majengo mawili huiingiza radi hadi kwenye mitambo. SANS 62305 hueleza kinga yake. Mkongo wa nyuzi za kioo usio na chuma hauna tatizo hilo, wala hauna shaba ya kuuzia wanunuzi wa vyuma chakavu, ingawa wezi huukata kwanza ndipo wagundue. Tangu mwaka 2014, kampuni ya Vumatel ilipoanza kuutandaza katika mtaa wa Parkhurst, mitaa mingi ya mji imechimbwa kwa ajili yake. Ndani ya nyumba hutumika nyuzi za aina ya ITU-T G.657, zinazovumilia kona: daraja la A1 hukunjwa hadi nusukipenyo cha milimita 10, la A2 hadi 7.5. Fundi akiubana mkongo kwa msumari pembeni mwa mlango, hakuna daraja litakalouokoa.