Mbio za Alfajiri na Presha ya Nyumbani: Kwa Nini Hata Anayekimbia Anafaa Kupimwa

Kabla ya jua kuchomoza, barabara ya Mama Ngina jijini Mombasa huwa tayari ina watu. Wapo wanaotembea kwa haraka, wapo wanaokimbia wawili wawili chini ya mibuyu, na wapo wanaonyoosha viungo huku wakitazama meli zikiingia bandarini. Hawa si wanariadha wa kulipwa. Ni walimu, wauguzi, mafundi cherehani, wahudumu wa bodaboda, wachuuzi wa sokoni na wafanyakazi wa bandari. Wakimaliza mbio hukimbilia nyumbani kuoga, kunywa chai na kuwahi kazini.

Katika kilomita tano au sita hizo, watu huzungumza mengi. Huanza na bei ya unga na karo ya shule. Mara nyingi mazungumzo huishia kwa mgonjwa aliye nyumbani: baba aliyepatwa na kiharusi, mama mwenye kisukari, shangazi anayesafishwa figo mara mbili kwa wiki. Wengi walianza kukimbia kwa sababu ya wagonjwa hao. Waliona yaliyowapata wazazi wao, wakaingiwa na hofu.

Hofu hiyo ni ya msingi, na kukimbia ni jibu zuri. Lakini si jibu kamili.

Swali la rafiki

Chukua mfano wa marafiki wawili, mwalimu wa miaka 44 na fundi cherehani jirani yake. Hukimbia pamoja mara tatu kwa wiki. Baba yake mwalimu alipatwa na kiharusi, na tangu hapo mwalimu ndiye anayemnunulia dawa na kumpima presha kila jioni kwa mashine ndogo iliyo sebuleni. Asubuhi moja, akisimulia jinsi presha ya mzee ilivyopanda, mwenzake anamuuliza, "Na wewe je, ndugu yangu, mara ya mwisho ulipimwa lini?"

Mwalimu anacheka. "Mimi? Mimi nakimbia, bwana!"

Hajawahi kupimwa hata mara moja. Mashine iko nyumbani kwake na anajua kuitumia, lakini mkono wake mwenyewe haujawahi kuingia katika kitambaa kile.

Mwalimu huyo ni wa mfano tu, lakini wanaofanana naye ni wengi. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 kuhusu magonjwa yasiyoambukiza ulionyesha kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne nchini Kenya ana shinikizo la juu la damu. Utafiti huo pia ulionyesha kwamba zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwa wamewahi kupimwa.

Ugonjwa usiobisha hodi

Shinikizo la damu, ambalo wengi huliita presha, ni nguvu ya damu inaposukuma kuta za mishipa. Hupimwa kwa namba mbili. Ya juu ni nguvu wakati moyo unaposukuma damu, na ya chini ni nguvu wakati moyo unapopumzika kati ya pigo moja na jingine. Kwa mtu mzima, namba zilizo chini ya 120 kwa 80 ni nzuri. Zikifika 140 kwa 90 au zaidi, na zikabaki hivyo katika vipimo vya siku tofauti, mhudumu wa afya husema mtu ana shinikizo la juu.

Hatari ya ugonjwa huu ni kimya chake. Mtu anaweza kuishi nao miaka kumi bila kuumwa na kichwa, bila kizunguzungu, na akiendelea kukimbia kama kawaida. Wakati huo wote mishipa ya ubongo, moyo, macho na figo inaendelea kuumia. Kwa wengine, dalili ya kwanza huwa ni kiharusi chenyewe.

Ndiyo sababu kusema "najisikia vizuri" hakutoshi. Presha haijulikani kwa kujisikia, hujulikana kwa kupimwa.

Damu moja, jikoni moja

Mtu ambaye mzazi au ndugu yake wa tumbo moja ana shinikizo la juu la damu au kisukari yuko katika hatari kubwa zaidi ya kupata ugonjwa huo kuliko yule ambaye kwao haupo. Sehemu ya hatari hiyo hurithiwa katika damu, na mtu hawezi kuibadilisha. Sehemu nyingine hurithiwa jikoni. Familia hula kutoka chungu kimoja: chumvi ileile inayoongezwa mezani, mafuta yaleyale ya viazi karai na mahamri, chai yenye sukari ileile. Hiyo inaweza kubadilishwa.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani takriban kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyomo tayari katika mkate, vitafunio na vikolezo vya pakiti. Mgonjwa anapopunguziwa chumvi, si lazima apikiwe peke yake kama aliyetengwa. Nyumba nzima ikipunguza, mgonjwa hasononeki na walio wazima wanajikinga.

Mbio husaidia kwa kiasi gani?

Shirika hilo linashauri watu wazima wapate angalau dakika 150 kwa wiki za mazoezi ya wastani, kama kutembea kwa haraka, au dakika 75 za mazoezi makali kama kukimbia. Njia rahisi ya kujua kiwango ni kinywa. Anayeweza kuzungumza lakini hawezi kuimba yuko katika mazoezi ya wastani. Anayeweza kutoa maneno machache tu kabla ya kuvuta pumzi yuko katika mazoezi makali.

Kwa mwenye shinikizo la juu, mazoezi ya mara kwa mara yanaweza kushusha namba ya juu kwa takriban 5 hadi 8. Hiyo ni faida kubwa. Lakini hesabu ni rahisi. Mwenye 160 akipunguza 8 atabaki na 152, na bado yuko juu. Mtu kama huyo huenda akahitaji mbio, lishe bora na dawa, vyote pamoja. Dawa haimaanishi kwamba mazoezi yameshindwa, na mazoezi si ruhusa ya kuacha dawa. Anayeona presha imeshuka akaacha vidonge mwenyewe hujiweka katika hatari ya kupanda tena bila kujua.

Kwa aliyekuwa hakimbii, hasa mwenye umri wa miaka 40 na zaidi au mwenye ugonjwa katika familia, ni vyema kupimwa kwanza, kisha kuanza kwa kutembea na kuongeza kidogo kidogo. Mwenye ndugu wa karibu aliyefariki ghafla kwa maradhi ya moyo akiwa bado hajafika miaka 50 anafaa kumweleza daktari jambo hilo kabla ya kuanza mazoezi makali.

Kupima kwa njia sahihi

Kupima presha mara tu baada ya mbio hakutoi picha ya kweli. Namba zinaweza kuwa juu kwa sababu moyo bado unaenda kasi, au zikashuka chini ya kawaida kwa saa kadhaa baada ya mazoezi. Kipimo kizuri huchukuliwa hivi:

- Nusu saa kabla, mtu asifanye mazoezi, asivute sigara wala kunywa kahawa au chai kali.
- Aende haja ndogo kwanza.
- Aketi kimya dakika tano, mgongo umeegemea, nyayo zimekanyaga sakafu, miguu haikupishana.
- Mkono uwekwe juu ya meza, usawa wa moyo, na kitambaa kifungwe kwenye ngozi, si juu ya nguo.
- Asizungumze wakati wa kupima. Apime mara mbili, akipumzika dakika moja katikati, na kuandika namba zote.

Namba zikifika 180 kwa 120 au zaidi, mtu apumzike dakika chache na kurudia. Zikibaki hapo, atafute daktari siku hiyohiyo. Kukiwa na maumivu ya kifua, kukosa pumzi, kuona ukungu, au udhaifu wa upande mmoja wa mwili, hiyo ni dharura na hospitali ni mara moja.

Joto la Pwani na vidonge vya maumivu

Mombasa ina changamoto yake: joto na unyevu wa hewa. Mnamo Machi 2007, mbio za nyika za dunia ziliandaliwa katika uwanja wa gofu ulio kando ya barabara hiyohiyo ya Mama Ngina. Kenenisa Bekele wa Ethiopia, bingwa aliyekuwa ameshinda mbio hizo miaka kadhaa mfululizo, alishindwa kumaliza. Ikiwa bingwa wa dunia alizidiwa, mkazi wa kawaida hana aibu ya kupunguza mwendo au kutembea.

Hewa ikiwa na unyevu mwingi, jasho halikauki, na mwili hushindwa kujipoza. Kukimbia mapema, kuvaa nguo nyepesi na kunywa maji kabla na baada ya mbio husaidia. Anayetumia dawa za presha zinazoongeza mkojo anafaa kumuuliza daktari jinsi ya kujilinda miezi ya joto kali. Mkimbiaji akianza kuyumba au kuongea mambo yasiyoeleweka, wenzake wampeleke kivulini, wammwagie maji mwilini, wampepee na kuita msaada.

Jambo jingine ni vidonge vya maumivu. Goti likiuma, wengi hupitia duka la dawa kununua ibuprofen au diclofenac. Dawa hizi zinaweza kupandisha presha na kuumiza figo, hasa mwili ukiwa umepungukiwa na maji. Mwenye presha, kisukari au ugonjwa wa figo asizitumie bila ushauri wa daktari.

Mkimbiaji mwenye kisukari

Mwenye kisukari anaweza kukimbia, na mazoezi humsaidia. Anayetumia insulini, au baadhi ya vidonge vya kushusha sukari, ajihadhari na sukari kushuka kupita kiasi, yaani chini ya 4. Dalili ni kutetemeka, jasho la baridi, njaa ya ghafla na kuchanganyikiwa. Abebe peremende, tende chache au pakiti ndogo ya juisi yenye sukari, na wenzake wajue mahali anapoviweka. Akifika nyumbani avue viatu na kukagua nyayo, kwani kidonda kidogo asichokihisi kinaweza kugeuka kuwa kikubwa.

Urafiki unaookoa

Kundi la mbio linaweza kufanya mengi bila gharama. Linaweza kukubaliana kwamba hakuna anayeachwa nyuma peke yake. Kila mmoja anaweza kubeba karatasi ndogo yenye jina, namba ya simu ya mtu wa nyumbani na dawa anazotumia. Wanakundi wanaweza kujifunza dalili za kiharusi: uso kupinda, mkono kulegea, maneno kushindwa kutoka vizuri. Wanaweza pia kujifunza kumsaidia aliyeanguka bila kupumua: kuita msaada, kisha kukandamiza katikati ya kifua kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika, hadi msaada ufike. Namba za dharura ni 999 na 112.

Yapo na madogo yanayobeba mzigo mkubwa. Anayemuuguza mzazi huchoka, na mara nyingi hujisahau. Rafiki anayesema, "Jumamosi nitakaa na mzee, wewe nenda kliniki," amempa dawa isiyouzwa dukani. Na siri ya mgonjwa ibaki siri. Aliyoyasema mtu njiani yasipelekwe kwenye kundi la simu bila idhini yake.

Pa kuanzia

Wahamasishaji wa afya ya jamii wanaotembelea nyumba mitaani walipewa mikoba yenye vifaa vya kupima presha na sukari, kufuatia mpango wa kitaifa uliozinduliwa Septemba 2023. Mkazi anaweza kumuuliza mzee wa mtaa au zahanati iliyo karibu ni nani anayehudumu eneo lake. Namba zikiwa juu, mhamasishaji humwelekeza mtu zahanati au kituo cha afya.

Wakazi pia wanahimizwa kujisajili na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, kwa kubonyeza *147#. Kwa aliyesajiliwa, huduma za afya ya msingi katika zahanati na vituo vya afya vilivyo na mkataba hulipiwa na serikali.

Tukirudi kwa mwalimu wa mfano, jioni ile anaketi kando ya baba yake na kuingiza mkono wake mwenyewe katika kitambaa. Mashine inasoma 158 kwa 96. Anarudia kesho yake na kesho kutwa, na namba hazibadiliki sana. Siku ya nne fundi cherehani anafunga kibanda mapema na kumsindikiza zahanati. Wiki mbili baadaye wako barabarani tena, polepole kidogo kuliko zamani, mmoja akiwa ameshameza kidonge chake cha asubuhi.