Damu ya Maiti Haihesabu Vidonge

Mtu akifa kwa sumu ya dawa, wafiwa na mahakama huuliza jambo moja: alimeza vidonge vingapi? Swali ni la haki, kwa kuwa kidonge kimoja cha ziada huenda kikawa bahati mbaya, lakini konzi nzima huashiria kujiua au kuuawa. Na hesabu yake inavutia kwa wepesi. Kiwango cha dawa katika damu huzidishwa kwa uzito wa mwili, kisha kwa kipimo cha jinsi dawa hiyo inavyotoka kwenye damu na kusambaa katika viungo. Kwa mgonjwa aliye hai hesabu hiyo ina msingi. Kwa maiti ni hatari, na mtaalamu anayempa hakimu idadi kamili anadai uhakika asio nao.

Tazama amitriptilini, dawa ya sonona. Huzama kwa wingi katika ini, mapafu na misuli ya moyo, na kidogo tu hubaki kwenye damu. Baada ya kifo seli hubomoka, dawa iliyojificha humo ikavujia damu iliyo jirani, hasa ya moyoni, ambayo inaweza kuonyesha kiwango mara kadhaa ya kile cha damu ya paja. Kiwango kikiwa mara tatu, vidonge 10 vya kwenye hesabu huwa 30, na marehemu hakuongeza hata kimoja. Tena hesabu hudhani dawa yote imekwisha kufyonzwa, ilhali aliyekufa mapema bado anayo tumboni, na aliyeitumia kwa miezi ana akiba yake mwilini.

Wapo watakaotaja pombe, inayokadiriwa kwa kanuni ya Widmark wa Sweden tangu miaka ya 1930. Lakini pombe hufuata maji ya mwili. Haijilimbikizi kwenye ini. Hoja nzito zaidi ni kwamba bila idadi muuaji ataponyoka. Daktari Harold Shipman wa Uingereza hakuponyoka: mofini ilikutwa katika miili iliyofukuliwa ya wagonjwa wasiokuwa na sababu ya kupewa, kumbukumbu za matibabu zikaonekana zimeghushiwa, na mwaka 2000 akatiwa hatiani kwa mauaji ya watu 15. Ushahidi huo haukuegemea hesabu ya dozi. Panapohitajika kiasi, dawa iliyobaki tumboni ipimwe yote, na vidonge vilivyosalia kwenye pakiti vihesabiwe. Hapo mtaalamu anaweza kuapa kwamba marehemu alimeza angalau kiasi kile kilichokutwa tumboni.